Kabla Wodi Haijapiga Simu

Wiki niliyoaga kazi, Neema aliniambia, "Mama Magesa, miongozo ya mitambo tunayo mpaka inajaza kabati. Wewe tuandikie yale ambayo hayamo." Neema ndiye anayeongoza chumba cha seva sasa, na mtu akishakuwa bosi wako, hata kwa siku chache za mwisho, unamtii. Kwa hiyo ninaandika. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa hakuna cheo kilichowahi kuwasha mashine iliyozimika. Mishahara nitairuka pia, nisiwaharibie siku.

Mimi ni Mjita, mtoto wa nyumba ya wavuvi upande wa Mara, na nilisomea ufundi wa redio. Kompyuta nilikutana nazo ukubwani, kama mtu anavyokutana na wakwe. Nilipoajiriwa na hospitali yetu hapa Mwanza, nilidhani nitatengeneza redio za magari ya wagonjwa. Badala yake nilipelekwa ghorofa ya chini, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mashuka na bado kilinuka sabuni, nikakabidhiwa kwa Mzee Malimi.

Mzee Malimi alikuwa Msukuma wa Magu, mrefu, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeongea ndani ya kanisa. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha, bila kuniuliza nimesoma wapi, akaniambia nifumbe macho. Nikasita. Akasogea mpaka mlangoni, akaufungua wazi, akasema tena, "Fumba tu. Unasikia nini?"

"Kelele," nikajibu.

"Hiyo ni leo. Njoo unijibu tena baada ya mwezi."

Baada ya mwezi niliweza kumwonyesha kwa kidole feni iliyokuwa inasaga. Mashine zile zilikuwa za rika mbalimbali, na kila moja ilikuwa na mlio wake. Mzee alipenda kusema kwamba feni inayotaka kufa hulalamika kwanza, na anayesema imekufa ghafla hakuwa anasikiliza. Vifaa vyake vilikuwa vichache: bisibisi, kipima umeme, tochi, na brashi mpya ya kupakia rangi ambayo haijawahi kuona rangi, kazi yake ilikuwa kufuta vumbi. Aliyeiazima brashi ile bila kusema alisikia habari zake mwaka mzima.

Siku hizo hatukuwa na programu ya uangalizi, ile inayozitazama mashine zote na kututumia ujumbe zikiwa na shida. Tulikuwa na simu ya mezani. Mashine ikizima, muuguzi wa wodini anapiga, nasi tunakimbia. Mzee aliichukia simu ile. "Wodi ikitupigia, tumeshachelewa," alikuwa akisema. "Kazi yetu ni kujua kabla haijapiga." Ili tujue kabla, tulizunguka. Asubuhi mmoja wetu anapita majengo yote akitazama taa za swichi za mtandao, kama daktari anavyopita vitanda. Matawi ya Kisesa na Buhongwa tuliyatembelea kwa zamu, na katikati ya ziara tulimwomba Mungu.

Siku programu ilipokuja, ililetwa pamoja na skrini kubwa ya kutundika ukutani, na walinzi wakaja kuuliza kama tutaonyesha mpira. Kazi ya kwanza ilikuwa kuingiza majina ya vifaa vyote. Mzee akawa anatamka, mimi ninaandika. Sasa, Mzee Malimi na herufi r hawakuwa na maelewano, na mimi Mjita sina haki ya kumcheka mtu kwa hilo. Yeye akasema "luta moja, luta mbili," mimi kidole kikafuata sikio, na ruta zetu zote, vile vifaa vinavyoelekeza mtandao, zikaingia kwenye mfumo kwa jina la LUTA. Programu ile ilikuwa ngumu kubadilisha majina. Miaka ilipita, akaja mhandisi kijana kutoka Dar kutukagua, akaikodolea macho skrini, akauliza kwa heshima LUTA ni kifupi cha nini. Mzee hakupepesa jicho. "Lango la Uunganishaji wa Taarifa," akasema. Yule kijana akaiandika. Nilitoka nje nikacheka.

Wengi hudhani programu ya uangalizi ikifungwa tu basi mambo yamekwisha. Wiki ile ya kwanza ilikuwa adhabu. Tulikuwa tumewasha tahadhari zote, na mashine zikagundua zina mdomo. Printa ya mapokezi ikipungukiwa karatasi, tunapata ujumbe. Mtu akichomoa kompyuta afagie chini ya meza, ujumbe. Simu yangu ilitetemeka kanisani, sokoni, na mezani mpaka mume wangu akauliza kama nina mwanaume mwingine. Nikamwonyesha: "Wino wa rangi ya bluu unakaribia kwisha." Akasema afadhali angekuwa mwanaume.

Hatari haikuwa usumbufu. Hatari ilikuwa kwamba tuliacha kusoma. Kitu kinachopiga kelele kila saa, sikio hukizoea kama mtu wa kando ya reli anavyoizoea treni. Ndipo Mzee alipotuketisha, akafungua orodha ya tahadhari, na kwa kila moja akauliza swali moja tu: "Hii ikilia, nani ataondoka kitini, na akafanye nini?" Kama hakuna aliyejibu, anaifuta. Tulifuta karibu zote. Zilizobaki zikilia, tulisimama. Neema, hili hata kwenye miongozo mipya sijaliona, na kama mnataka kuchukua kitu kimoja tu kwangu, chukueni hicho.

Kesi ya kwanza tuliyoitatua kwa programu ile bado inanichekesha. Kila asubuhi, madirisha ya mapokezi yalipofunguliwa na foleni kusimama, mfumo ulikuwa mzito kama kokoro, wavu wa kukokota samaki, lililojaa matope. Ikifika saa nne hivi unakuwa mwepesi wenyewe. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mzee aliushuku mnara wa kutuunganisha na Buhongwa. Mimi niliishuku seva, kwamba imezeeka. Daktari mmoja alishauri tuuombee.

Tukaitazama programu, kwenye ule mchoro wa mstari unaopanda na kushuka. Saa mbili kamili mstari ulipanda kama mtu anayekimbia mlima, ukakaa juu, kisha ukashuka. Wagonjwa hawafiki kwa namna hiyo, wagonjwa huja mmoja mmoja. Tukabonyeza, tukachimbua, tukakuta kinachokula mashine ni bakapu, ile kazi ya kunakili data zote ziwe na akiba. Bakapu ilipaswa kufanyika watu wakiwa wamelala. Mzee akampigia simu fundi wa kampuni iliyotufungia mfumo, akaweka spika tusikie wote.

"Kijana wangu, si tulikubaliana bakapu ianze saa nane?"

"Ndiyo, mzee. Na nimeweka nane. Fungua hapo, utaiona imeandikwa nane."

Kisha Mzee akasema polepole, "Saa nane ya usiku, mwanangu. Saa nane ya Waswahili."

"Ah," ikasema sauti ya upande wa pili. "Mimi nilisikia nane, nikaandika nane."

Mzee alicheka mpaka akaketi. Tangu siku hiyo, muda wowote unaoingizwa kwenye mashine zetu huandikwa mara mbili: kwa saa yetu, na kwa saa ya mashine. Msiiache desturi hiyo hata mtu akiwaambia imepitwa na wakati.

Sasa niwasimulie siku ya harusi, kwa kuwa Neema mwenyewe akiulizwa husema tu, "Ah, ilikuwa joto."

Mzee Malimi alikuwa anamwoza binti yake, Jumamosi, kanisani Kisesa. Sote tulialikwa, lakini chumba hakiachwi, kwa hiyo Neema alibaki zamu. Alikuwa bado mgeni kazini, msichana wa Mabatini, mwepesi wa mikono na mgumu wa kusema anapokwama. Nilimwachia namba yangu, nikamwambia anipigie hata kwa jambo dogo.

Padri alikuwa katikati ya mahubiri simu yangu ilipotetemeka. Nikaitazama chini ya kitenge. "Chumba cha seva: joto limepanda." Nikainua macho, nikamwona Mzee benchi la mbele, ndani ya suti ya kijivu, mkono umeganda juu ya mfuko wa koti. Yake nayo ilikuwa imetetemeka. Akageuka taratibu, akanitafuta katikati ya vilemba vyote vile, akanitazama kwa namna ambayo haikuhitaji tafsiri. Nikajipenyeza kati ya magoti ya watu mpaka nje.

"Viyoyozi vyote viwili vinazunguka lakini vinatoa hewa ya moto," Neema akasema. "Nimetoka nje kuangalia. Mama, vimevaa koti."

Nilielewa mara moja. Mnawajua wale wadudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa nyasi. Upepo ulikuwa umewasukuma nchi kavu, na wakifika hufuata taa. Taa za ua wetu zilikuwa ukutani, juu kabisa ya mashine za nje za viyoyozi. Asubuhi hiyo walikuwa wamelala pale kwa mamilioni, wameziba matundu yote, na kiyoyozi kisichopumua nje hakiwezi kupoza ndani.

"Fundi?"

"Nimeshampigia. Anatoka Mabatini, anakuja."

"Joto?"

"Linapanda ninavyoongea na wewe."

Seva zina kiwango chao. Joto likikifikia, zinajizima zenyewe, bila utaratibu, na zikijizima hivyo huwezi kujua ipi itaamka nzima. Nilikuwa bado ninapiga hesabu ya umbali wa fundi, Neema aliposema, kwa sauti ya chini zaidi, "Mama, na maabara wamepiga. Kuna mzazi chumba cha upasuaji anavuja damu. Kundi lake ni la shida. Wanatafuta kwenye mfumo ni tawi lipi lina akiba."

Mfumo wa benki ya damu ulikuwa ndani ya chumba kile kile. Wangeweza kuanza kupiga simu tawi kwa tawi, na nikamwambia Neema awaambie waanze, lakini siku ya Jumamosi nani anapokea simu upesi?

"Sikiliza," nikasema. "Hatuwezi kuleta baridi. Tupunguze moto. Kila mashine inayofanya kazi ni jiko. Tuzime majiko tusiyopikia."

"Nianze na ipi? Hii ndogo ya zamani ya kona, haina kazi kubwa."

"Ngoja. Fungua ramani kwenye skrini. Ifuate mistari yake."

Ile programu ilikuwa na ukurasa unaoonyesha mashine ipi inaitegemea ipi. Nikasikia akibofya. Kisha, "Mungu wangu. Benki ya damu inapita hapo. Hii ndogo ndiyo inazitambulisha nyingine zote, bila hiyo hazijuani."

"Basi hiyo ni bibi wa ukoo. Usiiguse."

Nikahisi mtu nyuma yangu. Ni Mzee Malimi, ua jeupe kifuani, jasho usoni. Viapo vilikuwa vimekwisha na kwaya ilikuwa inaimba. "Binti nimeshamtoa," akasema. "Niambieni sasa nitoe seva gani."

Tukasimama pale kando ya ukuta wa kanisa, simu ikiwa kati yetu. Yeye akitaja, Neema anatazama ramani na kujibu, kisha anazima kwa utaratibu, moja baada ya nyingine. Ya mafunzo. Ya utumishi. Ya uhasibu. Mwisho ya barua pepe. Neema akauliza kama alete ndoo za barafu kutoka jikoni. "Barafu weka kwenye soda," Mzee akamjibu. "Maji na umeme havijawahi kuoana, na leo harusi ni moja tu." Nikamsikia Neema akicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, na kile kicheko kilinipa moyo kuliko kitu kingine.

Simu ya Mzee ikaita. Alikuwa mkurugenzi wa hospitali. "Malimi, barua pepe yangu imekatika."

"Tumeikata sisi, daktari. Chumba kinaungua na tunaibakizia maabara pumzi."

"Kama kuna nyingine yangu, kata na hiyo," mkurugenzi akasema, akakata simu. Nimefanya kazi chini ya wakurugenzi kadhaa. Huyo nilimpenda.

Joto halikushuka. Lilipunguza tu mwendo. Tulikuwa tunaliona kwenye simu zetu, ule mstari ukiendelea kupanda taratibu kuelekea ule mwingine mwekundu ulionyooka, wa kiwango cha kujizima. Maharusi wakatoka, vigelegele vikapigwa, na picha zote za siku ile zinamwonyesha baba wa bibi harusi akitazama chini. Shangazi mmoja alimkemea, "Hata leo, Malimi? Hata leo?" Akamjibu, "Shangazi, naangalia joto," na shangazi akamgusa paji la uso.

Tulikuwa tayari chini ya turubai, sahani za pilau zimeanza kupita, mstari ulipofika karibu kabisa na ule mwekundu. Nilikuwa nimeshika sahani mkono mmoja, simu mkono mwingine. Mzee alishaitwa kucheza, na alikuwa anacheza kweli, mabega yakienda na ngoma, simu kiganjani. Ghafla akasimama katikati ya uwanja. Nikatazama yangu. Mstari ulikuwa umelala. Haukupanda. Ukakaa hivyo kama unafikiri, kisha ukainama kidogo chini.

Neema akapiga. Nyuma yake nilisikia maji yakimiminika na sauti ya mwanaume akiwatukana wadudu kwa Kisukuma. "Fundi ameosha cha kwanza," akasema. "Kinatoa baridi. Mama, kinatoa baridi! Na maabara wameipata damu, iko Buhongwa, gari limeshaondoka nayo."

Nilimtazama Mzee ng'ambo ya uwanja nikainua mkono. Akarusha mikono yote miwili juu, akarudi kwenye ngoma kwa nguvu mpya, na wageni wakapiga makofi wakidhani ni furaha ya ukwe. Nusu yake ilikuwa hiyo.

Yule mama alipona. Mtoto sijui alipewa jina gani, ila nina hakika si Seva. Jumatatu tulihamisha taa za ua mbali na viyoyozi, tukavishonea nyavu ngumu za waya, na tukashusha kiwango cha tahadhari ya joto ili kituamshe mapema zaidi. Neema aliniambia alikuwa anatetemeka muda wote. Nikamwambia sauti yake haikutetemeka, na katika kazi hii sauti ndiyo wengine wanayoisikia.

Mzee Malimi alistaafu kabla yangu, akarudi Magu kwa ng'ombe wake. Anasema ng'ombe hawaombi nywila na hawasasishwi. Kiti chake nikakikalia mimi, na mambo yakabadilika kwa namna mnayoijua. Mashine nyingi sasa ziko mbali, kwenye majumba ya watu tusiowajua, na chumba kimekuwa kitulivu kiasi kwamba ukifumba macho unasikia kiyoyozi tu. Wapo waliosikitika. Mimi sikusikitika sana. Swali la nani ataondoka kitini halijahamia kokote.

Siku yangu ya mwisho nilimwomba Neema alifute jina langu kwenye orodha ya wanaopokea tahadhari. Akaweka kidole kwenye kitufe, akasita. "Nikuache kidogo? Mwezi mmoja tu?"

"Futa, mwanangu. Nataka kujua kama nina usingizi wangu mwenyewe."

Akafuta. Ninao, tena mzito.

Mwezi uliopita nilikuja hospitali kupima presha. Sikumwambia mtu. Nilikaa kwenye benchi la mapokezi kati ya mama mmoja mwenye mtoto na mzee mwenye bakora, tukisubiri kuitwa. Mara karani akainua mikono kutoka kwenye kompyuta. "Samahanini, wazazi wangu, mtandao umekata. Tuvumiliane."

Watu wakaguna. Mzee mwenye bakora akanigeukia. "Hivi hawa watu wa kompyuta huko ndani huwa wanafanya nini?"

Mwili wangu wote ulitaka kusimama. Nilijua mlango, nilijua ngazi, nilijua hata swichi ipi ya jengo lile ni korofi. Miguu ilikuwa imeshajipanga. Hapo Neema akapita mbele yetu kwa hatua za haraka, mkoba wa vifaa begani, macho mbele. Alinipita karibu nimguse na hakuniona. Nilitaka kumwita. Nikafunga mdomo, nikaegemea ukuta.

"Wanakuja," nikamjibu yule mzee.

"Umejuaje?"

Kompyuta ya karani ililia, mtandao umerudi, akainamia kioo, akaita jina langu, nikanyanyuka kwenda kupimwa presha kama mgonjwa mwingine yeyote.

Daktari alisema iko sawa kabisa.